Pleti Tisa za Kubebea Magodoro

Jumanne ya tarehe tisa mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, godoro la futi sita kwa sita liliruka kutoka kwenye pikapu yangu likamfunika mwenyekiti wa stendi yetu mbele ya umati. Nasema mapema kabisa: kosa si langu. Kosa ni la mwenyekiti mwenyewe, na la wale waliojenga tuta pale, na la yeyote anayewapa watu wa namna hiyo vyeo.

Mimi nabeba magodoro. Ni kazi halali, ila pale stendi wenzangu wanaobeba saruji na nondo huniita Bwana Usingizi. "Bwana Usingizi, leo umepakia ndoto ngapi?" Marehemu mke wangu alipokuwa hai walifyata mkia, maana alikuwa akipanda nyuma, anakaa juu ya magodoro kuyakandamiza yasipeperuke, na mdomo wake uliwafikia popote walipo. Kilo mia kasoro mbili, na alizitaja mwenyewe bila kuulizwa. Ni mwaka na miezi minne sasa tangu anitoke. Siku hizi nafunga kamba.

Basi wiki moja kabla ya hiyo Jumanne, mwenyekiti akaitisha kikao. Eti stendi inakaribia kupata kazi ya kubeba mawe ya barabara, kwa hiyo kila pikapu iongezwe springi za nyuma, zile pleti za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine, zifike tisa kila upande, na asiyetaka atafute stendi nyingine. Alimuuliza nani? Hakuna. Hawa viongozi wakishashika kipaza sauti, masikio wanayaacha nyumbani.

Sasa fundi wetu wa springi ana utaratibu wake. Hachagui springi kwa maneno. Unakuja na mzigo wako wa kawaida umeupakia, anapima kwa shibiri kutoka kwenye tairi hadi kwenye madigadi, anaguna, ndipo anaamua pleti ngapi. Ukimpelekea gari tupu anakufukuza. Lakini siku ile tulikuwa foleni ya pikapu kumi na moja, na mwenyekiti kasimama mlangoni na daftari lake.

"Fundi, achana na hizo shibiri! Waulize kwa mdomo, twende!"

Fundi akanuna. Akanigeukia. "Haya kaka, mzigo wako wa kawaida ni nini?"

Nyuma yangu mtu akaanza kukoroma makusudi.

"Mawe," nikasema.

"Mawe?"

"Makubwa."

Fundi akaitazama bodi yangu, yenye vipande vya sponji kila kona. Akaongeza pleti hadi zikawa tisa.

Pikapu ilirudi nyumbani imebinua makalio kama bata anayetafuta kitu majini. Ikikanyaga kokoto, kichwa changu kinagonga paa. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliomba lifti ya sokoni akashukia nusu ya njia. "Shemeji, niache nitembee. Meno yote yameniuma kwa mpigo."

Jumanne ikafika. Mama mwenye duka la magodoro, ambaye ndiye hunipa kazi zote na sina nyingine, alinipakilia magodoro kumi na manne ya hosteli.

"Baba, haya ni meupe. Likianguka hata moja, kazi nampa mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Tuta lenyewe liko mbele ya stendi, refu kama ng'ombe aliyelala. Nilipunguza mwendo. Naapa nilipunguza. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka salama. Yakaja ya nyuma, na zile pleti tisa, zilizokuwa zikitafuta mawe wiki nzima bila kuyaona, zikatema kila kitu juu. Kamba ikakatika kama uzi.

Mwenyekiti alikuwa pembeni, anawaeleza kwa kipaza sauti wale wenye kazi ya mawe kwamba magari yake sasa ni imara. Alifika kwenye "ima" godoro likatua.

Kipaza sauti hakukiachia, kwa hiyo stendi nzima ilimsikia kutoka chini kule: "Nani amezima taa?"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akajilaza kwenye godoro jingine. "Bwana Usingizi! Umemlaza mwenyekiti mchana kweupe!"

Mama mwenye duka alikuja kwa miguu. Hakucheka. Akakung'uta godoro moja baada ya jingine kwa mtandio wake. Lilikuwa vumbi tu.

"Kesho asubuhi uyapeleke tena hosteli kwa gari hili. Likitulia, unaendelea. Likiruka, tusijuane."

Nikapakia upya, nikaenda moja kwa moja kwa fundi, safari hii na mzigo wangu wa kweli mgongoni mwa gari. Akatoa pleti nne kila upande, zikabaki tano. Akapima. Akaguna.

"Bado iko juu."

"Hizo tano ndizo za siku zote, fundi."

"Nazijua, si nilizichagua mimi? Mlikuja wawili siku nilipozipima. Marehemu alikaa juu ya magodoro, akaniambia, 'Wewe pima gari, usinipime mimi.'" Akatabasamu kidogo, akaacha. "Tano zilikuwa za magodoro na yeye, kaka. Magodoro peke yake ni tatu."

Nilitafuta wa kumlaumu. Mwenyekiti hakuwepo.

Mwaka na miezi minne nimekuwa nikirukaruka barabarani, nikiwatukana wajenga matuta, na kumbe ni nafasi yake tupu pale nyuma. Fundi akalala chini ya gari, akaweka spana kwenye nati azitoe zile mbili.

"Subiri," nikamwambia.

"Nisubiri nini? Kesho si una safari?"

"Subiri tu, fundi."

Akatoa kichwa nje, grisi hadi kwenye nyusi, spana bado mkononi.

"Kaka, na usinijibu mawe. Mzigo wako wa kawaida sasa ni nini?"