Zulia Mbele ya Kiti cha Muringa

Julai ya mwaka jana baba yangu alilazwa wiki mbili kwa nimonia. Daktari alinieleza polepole. Mapafu yake hayawezi tena baridi ya Kianjokoma, wala moshi. Asishinde jikoni. Akiugua vile mara nyingine, huenda asirudi nyumbani.

Kwa hiyo mwaka huu nilianza mapema. Jiko letu liko nje, la mbao, na tangu mama afariki baba alikuwa akikaa humo tangu asubuhi, kwenye kigoda karibu na mafiga, gambuti miguuni. Sebule yenyewe ilikuwa sakafu ya simiti, viti vya plastiki na kalenda. Sikuona kosa lake. Hata mimi ningekikimbia chumba kile. Nikajiambia, nikikitengeneza ataingia.

Ghalani, nyuma ya magunia ya mahindi, mlikuwa na viti vinne vya mbao ya muringa ambavyo baba alivinunua mwaka wa harusi yake na mama. Mwezi wote wa Mei nilivipiga msasa kila nikitoka shambani, ule mkali kwanza, kisha laini, nikifuata mkondo wa mbao. Hakuna aliyenifundisha, niliharibu mkono wa kiti kimoja ndipo nikajua. Fundi Gachoki alikuja kufunga mipira ya kukalia na sponji.

"Ruguru, hivi viti vimenizidi umri," alisema, "na bado magoti yake hayalii kama yangu."

Zulia nililipata Meru, pale Majengo, kwa mzee auzaye vitu vya zamani karibu na msikiti. Lilikuwa la sufu, limefumwa kwa mkono, pembetatu nyekundu na nyeusi zikifuatana hadi kwenye ukingo wa manjano. Alisema lilitoka upande wa Moyale.

Wiki ya kwanza ya Julai ukungu ulishuka hadi kwenye majani chai, na haukuondoka. Nikatandika zulia, nikapanga viti, nikawasha hita ndogo ya umeme, nikamwita baba.

Alisimama mlangoni akatazama kwa muda mrefu.

"Hapa ni pa wageni, Mama." Huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Wageni gani, Baba? Ni wewe nilikuwa nangoja."

"Nanuka moshi."

"Na mimi je?"

"Sasa nikikaa hapa, moto utaangaliwa na nani?"

"Huo moto ni mtoto, ati utatoka nje upotee?"

Akacheka, akarudi jikoni. Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne nilimsikia akikohoa kutoka ng'ambo ya ua, kikohozi kile kile cha mwaka jana, na nikaogopa. Nilimleta hadi mlangoni nikimshika mkono.

"Kama viti vinakukumbusha marehemu Mama na kukuumiza, niambie. Nitavirudisha ghalani leo."

"Viti ni vizuri. Mama yako angefurahi."

"Basi ni nini?"

Alitazama chini. "Zulia kama hilo halikanyagwi na gambuti."

"Toa gambuti, Baba."

 Nilimkalisha kizingitini, nikapiga magoti, nikashika kisigino cha gambuti, nikaivuta. Hakunizuia.

Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Kando ya kidole gumba palikuwa na kidonda kipana kama kifuniko cha soda, kingo zake nyeusi.

"Ni moto," alisema. "Mwezi wa tano. Nilinyoosha mguu niupashe joto. Nilisikia harufu, nikadhani ni mahindi yanaungua."

"Hukusikia uchungu?"

"Hata sasa sisikii."

Ugonjwa wake wa sukari tulikuwa tukiujua. Miguu yake hatukuwa tukiiangalia. Nilimvua gambuti ya pili, nikauchukua mguu huo uliokuwa mzima, nikauweka juu ya sufu.

"Hapo je, unasikia?"

Aliutazama kwa makini. "Naona wekundu tu," alisema.

Mwezi mzima mimi nilipiga msasa huku, naye kule akifunga kidonda kwa kitambaa, ua mmoja kati yetu.

"Ndambiri, yule jirani yetu, alienda hospitali na kidonda kama hiki," baba alisema. "Akarudi na mguu mmoja. Wataukata?"

"Sijui, Baba." Sikutaka kumdanganya. "Ninalojua ni kwamba tukingoja, watakata zaidi."

Alikohoa, akajifuta mdomo, akafikiri. 

"Nishike," alisema.

Nilifunga kidonda kwa kitambaa safi, akaegemea bega langu, tukavuka sebule polepole hadi kwenye kiti kilicho karibu na hita. Alikaa. Alishika mikono ya kiti kwa mikono yake miwili.

"Sasa ita gari," alisema. "Nitalingojea hapa."