Misuli Iliyohamia kwa Dada

Fundi matairi, ambaye mtaa mzima ulimwita Jeki kwa kuwa zamani aliinua gari kwa mikono mitupu, aliamka saa kumi na mbili, akaenda chooni na kukojoa kwa raha. Miaka mitatu alikuwa amesafishwa damu kwa mashine. Sasa figo aliyopewa na mdogo wake wa kike ilifanya kazi bila kelele, naye kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mkewe akamwomba awe anafunga mlango.

Alipokuwa akivaa suruali aliona mapaja yamepungua tena. Tangu upasuaji, misuli yake ilikuwa ikihamia kwa mdogo wake, kama nusu kilo kwa mwezi. Huyo dada, karani wa ofisi ya ardhi, alikwishapasua blauzi nne mabegani. Kabati la mafaili alilisogeza kwa mkono mmoja huku akila karanga.

"Kaka, mimi nilikupa moja tu," alilalamika. "Mbona wewe unanipa mwili mzima?"

"Wema hauozi, mdogo wangu."

Jioni dada alipitia gereji ya kaka yake kubandua matairi ya malori. Wateja waliuliza tu anafika saa ngapi. Jeki alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa kidole, na ilimuuma. Alitamani abandue tairi mwenyewe, hata moja.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja.

"Daktari, misuli yangu inahamia kwa huyu."

Daktari alitazama mikono ya dada, kisha karatasi ya majibu. "Figo iko safi kabisa. Hongera."

"Mwenzangu kwenye foleni kasema nipimwe homoni. Na nguvu."

"Fomu yetu ni ya figo, mzee. Homoni haimo." Akaandika: *Hana malalamiko.*

Jeki alijaribu kuinuka. Mapaja yakakataa. Mdogo wake akainama, akambeba mgongoni, mfuko wa dawa akautundika kwenye kidole.

"Asante sana, daktari," alisema Jeki kutoka huko juu, na alimaanisha, maana alikuwa hai. Kisha akalia kidogo kwenye shingo ya mdogo wake, kwa shukrani na kwa hasira.

Daktari aliwasindikiza kwa macho hadi mlangoni, akaongeza mstari mmoja: *Anatembea vizuri.*