Kitanda cha Bi Mwatum

Wallahi, haya ni kweli tupu. Nikipatikana nimetia chumvi hata punje, kahawa ya baraza zima juu yangu.

Mwaka wa hamsini na tisa, pale Mtambile, Mwatum alikuwa akianika karafuu uani huku akilitazama jua. Jua likianza kushuka, kitanda chake cha kamba hutetemeka chumbani, kabla mumewe, Nyange, hajafika hata njia panda. Jirani, Bi Zuweina, akisikia miguu ya kitanda inagonga sakafu, hufunga dirisha na kuwaambia wanawe, "Nyange yuaja. Ingieni ndani."

Hakuna aliyeshangaa. Vitanda vingi mtaani vilikuwa hivyo, ila hicho kilizidi.

Siku moja Mwatum akaenda kushitaki kwa kadhi. Kitanda kikamfuata njia nzima kwa miguu yake minne, kikiyapisha magari ya karafuu. Karani akakifuta matope, kikaingia.

"Mumeo anakulisha?" kadhi akauliza.

"Ananilisha, Shehe."

"Anakuvisha?"

"Ananivisha. Lakini huniingilia kwa nguvu, nami nimekataa."

"Shahidi wako nani?"

Kitanda kikasema, kwa sauti ya Mwatum mwenyewe: "Niache, Nyange. Naumwa. Niache." Kikarudia, kikarudia. Nyange, aliyeitwa na kadhi, alikuwa akitazama kofia yake.

Kadhi akasikiliza mpaka mwisho. Akasema shahidi ni mkweli, ila hayo ni ya mke na mume. Akawapeleka kwa hakimu Mzungu. Naye akakisikiliza, akafungua kitabu chake: kwa sheria ya kwao, mke hukubali mara moja tu, siku ya ndoa, na hilo halirudi nyuma.

Vitabu viwili, lugha mbili, jibu moja: rudi nyumbani.

Wakarudi, Nyange mbele. Hawajafika Mtambile, jua likaanza kushuka, na kitanda kikaanza kutetemeka palepale barabarani.

Jana niliwasomea wenzangu haya barazani. Bi Mwatum, mtu mzima sasa, alikuwa akipita na kuni zake. Akasimama.

"Muongo mkubwa weye! Kitanda kitembee? Nilikibeba mie, kichwani, kwenda na kurudi!"

Baraza zima likacheka. Nikauliza, "Na kusema, Bi Mwatum?"

"Kusema kilisema. Nani kakataa?"

Nikaagiza kahawa ya watu wote, na yake. Alikunywa amesimama. Jua likashuka, na nyumba ya tatu kutoka pale mtu akafunga dirisha.