Majiko Mawili ya Mzee Emong

Wilkister alikuwa na majivuno, na hakuyaficha. Mtu akimuuliza kazi yake kule kwao Bumala, hakusema kwamba yeye ni mwalimu tu. Alisema anafundisha historia, kisha akanyamaza kidogo ili aliyeuliza apate nafasi ya kuvutiwa. Shule yenyewe ilikuwa ya kutwa, nje kidogo ya Malaba, mahali ambapo malori yakipanga foleni ya kuingia Uganda huwezi kufungua mlango bila kula vumbi.

Tangu mwaka uanze alikuwa akiwafundisha Kidato cha Tatu kwa video. Alizitafuta mtandaoni, akazichuja, za porojo akazitupa, na zilizobaki akazionyesha ukutani kwa simu yake iliyounganishwa na projekta ya shule. Kila video ilikuwa na kazi yake ya nyumbani: mwanafunzi amsimulie mzee wa kwao aliyoyaona, halafu amrekodi huyo mzee akijibu, kwa simu ya mzazi, na amtumie mwalimu. Mzee akikubaliana na video sawa, akiipinga sawa. "Video imeongea," aliwaambia. "Sasa na sisi tuijibu." Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye historia walianza kugombania viti vya mbele.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bwana Ikapel, muuza mahindi mwenye sauti ya kujaza soko, hakupendezwa. Kila akipita alisikia darasa likicheka. Kucheka na historia, wapi na wapi? "Tumeleta watoto wasome, sio wakuje kuona sinema," alisema kwenye mkutano, na wenzake wakatikisa vichwa. Wakaafikiana kwamba wazazi watakuja wakae ndani ya somo moja. Lisipowaridhisha, projekta inarudi stoo na mwalimu anarudi kwenye chaki. Mwalimu mkuu Protus, mtu mwema lakini mwepesi wa kukubaliana na aliyesema mwisho, akakubali.

Kwa Wilkister hilo halikuwa jambo la chaki. Alijua darasa lile likirudi kunakili maandishi ubaoni litalala tena, na alikuwa amekwisha kulipenda likiwa macho. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata hata lepe la usingizi.

Wazazi walifika wamevaa kama wa kanisani. Mgeni ni mgeni, kwa hiyo Wilkister akawapa upande wa mashariki, kwenye madirisha yenye upepo, na meza ya projekta akaisogeza hadi ukuta wa magharibi. Sharlyne, binti wa mwenyekiti, alimkazia macho na kutikisa kichwa. Wilkister alidhani ni hofu ya mtoto mbele ya baba yake. Hapo ndipo alipoteleza. Mtoto yeyote wa Malaba anajua kwamba kwenye ukuta ule simu huvuka mpaka bila pasipoti: inashika mtandao wa Uganda, na bando la Kenya linakuwa halifai kitu. Siku zote meza ilikaa upande wa pili. Mwalimu wa Bumala alisahau kwa ajili ya adabu.

Alisalimu, akataja mada, yaani jinsi mpaka wetu ulivyochorwa, akabonyeza. Ukutani kikazunguka kile kiduara cha kungoja. Kikazunguka sana. Kisha, badala ya video, ukajitokeza mbele ya kamati nzima, kwa herufi kubwa kama za bango, ujumbe wa kumkaribisha Uganda.

Wazazi waliangua kicheko. Ikapel hakucheka. "Madam," alisema, "tumekuja kuona somo, wewe umetuhamisha?"

Wilkister alihisi masikio yakiwaka moto. Hapo Sharlyne akainua mkono.

"Madam, simu imevuka. Lakini haijadanganya." Msichana alisimama, mikono nyuma. "Kabla ya mwaka wa elfu moja mia tisa na mbili, hapa tumekaa palikuwa Uganda. Mkoa wa mashariki wa Uganda. Waingereza ndio walihamisha mstari wakatuweka huku. Hakuna mtu alibeba hata chungu."

Aliyekaa nyuma yake akadakia kwamba mkoa huo ulifika mpaka Naivasha. Mwingine akaeleza kwamba walitaka reli iwe chini ya serikali moja. Mmoja akapinga kwamba hiyo haikuwa sababu pekee, na kabla mtu hajamruhusu yeyote, darasa zima lilikuwa linajadiliana, kwa zamu, bila matusi, bila video. Wilkister alisimama na simu yake isiyofaa kitu mkononi. Alijisikia tajiri. Hawa ni wangu, alijisemea, na akatamani mama yake angekuwapo awaone.

"Hayo wamekariri," Ikapel alisema, ingawa sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi tusikize jibu la nyumbani, mzee. Majibu yako ndani ya simu yangu, hayahitaji mtandao," Wilkister alisema.

"Weka ya kwetu," Sharlyne alisema.

Ukutani akatokea shangazi yake Ikapel, bibi Teresa, picha yake kubwa kuliko mlango, akichambua mboga. Alisema baba yake, mzee Emong, babu yake Ikapel, alikuwa na wake wawili, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya mto, Uganda. "Laini ya mzungu ilipita katikati ya majiko mawili ya mtu mmoja," alisema. "Mama yetu wa huku ndiye alikuwa mke mkubwa," akaongeza, "kwa hivyo nafaka mpya ya wimbi ikivunwa, wale wa ng'ambo walileta ya kwanza kwetu."

Ikapel alikuwa amesimama. "Si hivyo," alisema.

Darasa likageuka kumtazama. Watu wa pale walijua kwamba kwenye kila matanga nyumba hizo mbili hubishana nani aongee kwanza. Ikapel angeweza kukaa chini, na heshima ya nyumba yake ingebaki pale ukutani, imesemwa na mzee wa ukoo.

Wilkister aliinua simu, akafungua kamera. "Kama si hivyo, mzee, tuijibu."

Mwenyekiti alimtazama binti yake. Kisha akajikohoza.

"Mke mkubwa alikuwa ng'ambo," alisema. "Sisi ni wa mke mdogo. Baba yangu akiwa mtoto ndiye alibeba wimbi kwa kichwa akavuka mto, likaonjwa kule kwanza. Sisi huku tukingoja. Siku moja askari wa mpaka akamuuliza anapeleka biashara gani. Akasema, sio biashara, napeleka heshima." Akamgeukia binti yake. "Hivyo ndivyo aliniambia mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Wilkister akashusha simu, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ngoja," Ikapel alisema. "Anza tena. Kola ilikuwa imejikunja."

Hapo ndipo walipocheka, wazazi na watoto, na yeye mwenyewe akiwa kati yao. Alirudia yote, amenyooka, neno kwa neno.

"Hiyo inaweza fika Tororo, kwa wale wa ng'ambo?" aliuliza.

Bando la Wilkister halikufaa, lakini mfanyabiashara wa mpakani hakosi laini mbili za simu. Mwalimu alimrushia video kwa Bluetooth, naye Ikapel akasogea mwenyewe hadi ukuta wa magharibi, pale pale penye aibu ya asubuhi, akamtumia binamu yake wa nyumba ya ng'ambo, Methuselah, kwa laini ya Uganda. Iliondoka mara moja.

Chai ya wageni haijaisha, jibu likaingia. Kizee kilichovaa kofia, Methuselah mwenyewe, kilikuwa kimeishika simu karibu mno, pua tupu. "Ndugu yangu," kilisema, "hilo neno mama yangu alilingoja mpaka akazikwa. Wimbi likiiva, leta mwenyewe. Na huyo mwalimu umlete, tumwone."

Ikapel aliisikiliza akiwa amewapa watu mgongo.

Protus akamkaribia kwa unyenyekevu. "Mwenyekiti, hii projekta sasa tuiweke wapi?"

"Hapo hapo ilipo."

"Lakini kwa ukuta huu simu inavuka."

"Iache ivuke," Ikapel alisema. "Laini ya Uganda nitaleta mimi."