Ulinzi wa Wifi

Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile walimwita Chapchap, na jina hilo alilipata kwa mikono yake. Shuka likitoka kufuliwa, yeye alishika pembe ya kushoto, mwenzake Mrefu akashika ya kulia, wakalinyoosha kwa mpigo mmoja na kuliingiza kwenye mashine ya pasi, lile pipa la moto linalozunguka. Shuka likiingia limepinda hutoka na mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa vibaya, na kazi inaanza upya. La Chapchap halikupinda.

Kisha mwili ukamgeuka. Akawa anakunywa maji kama aliyelambishwa chumvi, na kila akimaliza kunywa anakimbilia chooni.

"Wewe na choo mmefunga ndoa?" Mrefu alimtania.

Sketi zikaanza kumvuka. Watu wakamsifia kwamba kapungua, naye akafurahi, mpaka asubuhi moja akashindwa kunyanyuka kitandani, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Mumewe alikuwa safarini na lori. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyempeleka hospitali mzobemzobe.

Alipopata nafuu, daktari alikuja kukaa kando ya kitanda. Alikuwa binti mdogo asiyezunguka maneno.

"Una kisukari, aina ya kwanza."

"Mimi? Sina umri huo, wala sina kitambi."

"Hiki hakiangalii umri wala kitambi. Mwili wako umeacha kutengeneza insulini. Utakuwa unajichoma sindano kila siku."

"Mpaka lini?"

"Maisha yako yote, dada."

Hapo wifi aliangua kilio, akatoka wodini kupigia simu ukoo mzima. Kwa hiyo hakusikia nusu ya pili, nayo ndiyo iliyokuwa na kazi. Sukari ikipanda, daktari alisema, inakuumiza. Lakini sindano ikizidi chakula, sukari inashuka, na ikishuka sana inaweza kukuua leo hii hii. Ukitetemeka, ukitokwa jasho, ukiona akili inapotea, kula kitu kitamu hapo hapo. Usitoke nyumbani bila pipi mfukoni.

Walipotoka hospitali, wifi alihamia na begi lake. Siku ya kwanza alimwaga sukari yote, ikafuata asali, ikafuata jemu, watoto wakabaki wanalia na mkate mkavu mkononi.

"Wifi, nisikilize," Chapchap alisema. "Sindano inashusha sukari. Ikishuka mno, nahitaji pipi."

"Walevi nao husema bia ni dawa."

"Daktari ndiye aliyesema!"

"Nilikuwepo, mke wetu. Alisema una sukari. Nani anazima moto kwa mafuta ya taa?"

Alipompigia mumewe, mumewe akajibu kwa sauti ya mtu anayepita kwenye kona kali: "Msikilize dada, mama watoto. Mimi niko mbali."

Basi akawa mfungwa ndani ya nyumba aliyoipangilia mwenyewe. Asubuhi sindano, jioni sindano, kidole kinatobolewa mpaka ngozi inakuwa ngumu, na kila akifungua kabati kuna mtu nyuma yake anakohoa. Wifi alipekua mkoba wake kama askari magereza. Pipi za daktari Chapchap alizificha kwenye mfuko wa aproni ya kazini, akazikunja ndani ya kitambaa cha kufutia jasho, akajiona mjanja.

Hakujua kwamba siku aliyokwenda kliniki, wifi alikwenda kazini kwake. Aliwakusanya wenzake wakati wa chakula, akawalilia, akawaapisha: mkimwona na kitu kitamu, mnyang'anyeni, hata akisema anakufa.

Asubuhi iliyofuata Chapchap alijichoma sindano kama kawaida, kipimo cha mtu anayekwenda kula vipande vitatu vya mkate. Alipogeuka, sahani ilikuwa na kipande kimoja.

"Vingine viko wapi?"

"Nimewapa watoto. Ukila kidogo utapona upesi."

Sindano ikishaingia haitoki. Muda nao ulikuwa umemtupa mkono, na gari la wafanyakazi halimsubiri mtu. Akakimeza kile kimoja, akajipa moyo kwamba pipi ziko kwenye aproni, akatoka.

Hoteli ilikuwa imejaa wageni na mashuka yalirundikana mpaka dirishani. Mtu mwingine angegundua kwa jasho. Lakini mbele ya lile pipa la moto kila mtu anatota, kwa hiyo jasho halikumwambia kitu. Aliyemwambia ni Mrefu.

"Chapchap! Pembe!"

Shuka lilikuwa limepinda. Lililofuata likapinda zaidi. Alitazama mikono yake, akaona inatetemeka kama ya bibi kizee. Akaingiza mmoja kwenye mfuko wa aproni, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande vya tango, vimekatwa vizuri, kwa mapenzi kabisa.

"Mrefu, nipe soda yako."

Mrefu aliificha chupa mgongoni. "Siwezi, shoga yangu."

"Nakufa."

"Hivyo hivyo alisema utasema."

Msimamizi akaja, akaamuru aletewe maji. Wakamkalisha, wakampepea kwa foronya, mmoja akamshika mabega, mwingine akamshika mikono. Alijaribu kueleza, ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka vipande vipande, na kadiri alivyoropoka ndivyo walivyozidi kumkaza. Alitazama nyuso zile. Hapakuwa na adui hata mmoja. Wote walimpenda, na wote walikuwa tayari kumshikilia hivyo hivyo mpaka akate roho.

Akaacha kuomba.

"Natapika," alisema.

Wakaruka pembeni wote kwa pamoja, wakiyavuta mashuka safi yaliyokuwa miguuni yasichafuke. Chapchap akapepesuka hadi meza ya msimamizi. Chai ya bwana yule ilikuwa utani wa chumba kizima, nzito kwa sukari kiasi cha kusimamisha kijiko. Akaigugumia yote, kisha akatumbukiza kiganja kwenye kopo la sukari na kuitia kinywani.

"Anajiua!" Mrefu akapiga kelele.

Msimamizi alimpokonya kopo, akampigia simu wifi. Wengine wakasimama kando, mikono kichwani, wanasubiri afe. Yeye alikuwa ameketi juu ya rundo la mashuka machafu, chenga za sukari kidevuni. Mikono ikatetemeka, ikatetemeka, halafu ikatulia. Ukungu ukamtoka machoni.

"Mnaniangalia nini?" akauliza. "Zimeni pipa, mashuka yataungua."

Wifi aliingia mbio, kanga imemvuka begani.

"Umekula sukari?"

"Nimekula."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Na niko hai. Waulize nilikuwaje kabla."

Wifi aliwageukia. Mrefu akatazama sakafu. "Alikuwa anaondoka, mama. Tumemshika sisi wenyewe."

Wifi alikalia kikapu cha taulo.

"Kesho unakuja na mimi kliniki," Chapchap alimwambia. "Utakaa kwenye kiti mpaka daktari amalize. Ukitaka kulia, utalia umekaa."

"Sawa."

"Na pipi zangu?"

"Watoto walizimaliza," wifi akanong'ona.

Wifi alikataa kurudi nyumbani. Alinunua soda mlangoni, akaifungua, akasimama nayo hatua moja nyuma ya Chapchap aliporudi kwenye mashine.

"Sasa?" aliuliza shuka la kwanza lilipopita.

"Bado, wifi."

"Sasa je?"

Chapchap hakugeuka. Alihisi pumzi ya wifi shingoni, joto la pipa usoni, na maisha yake yote mbele yake.

"Bado," alisema.