Gari Linalokunywa Kwanza

Kabla ya mtu yeyote kupata chai nyumbani kwa Mama Angèle, gari lilinyweshwa kwanza. Murhula, dereva wake, alifungua kifuniko cha radiatere kwa kitambaa, ingawa chuma kilikuwa baridi. Mkono uliokwisha kuungua haungoji kukumbushwa. Akamimina maji mpaka yakafika mdomoni, kisha akajaza bidoni mbili, madumu ya akiba, akazifunga nyuma kwa kamba na kuzifunika turubai.

Lilikuwa kamioneti jeupe la mizigo. Juu ya kioo cha mbele mchoraji wa Birere, mjini Goma, alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu: SIKUAZIMWA. Neno hilo alilichagua Mama Angèle mwenyewe. Alitoka Butembo na gunia moja la maharage, akauza barabarani kabla ya kupata meza sokoni, na siku alipolinunua gari hilo, nailoni ikiwa bado juu ya viti, hakutaka mtu aulize ni la nani.

Wiki ya kwanza tu lilichemka kwenye mpando wa Kibumba. Cirimwami, wakala wa kampuni iliyoliuza, alimwambia injini mpya ni kama ndama, ipewe muda izoee njia. Likachemka tena, naye akasema ni vumbi. Baadaye yakawa mawe ya lava, halafu mzigo, halafu dereva. Lakini Murhula alikuwa ameona kwa macho yake: feni ya kupoza ilizima yenyewe kila injini iliposhika moto, yaani saa ile ile ilipohitajika. Na madereva wengine wa magari ya aina hiyo, alipokutana nao wakipakia viazi Kalengera, huko Rutshuru, kila mmoja alikuwa na bidoni zake nyuma.

Watu walizoea, wakafanya utani. Kisha vita vikarudi Rutshuru, na utani ukaisha. Wiki iliyopita gari lilizimika mbele kidogo ya Kalengera jua likishuka, mizinga ikisikika upande wa milimani. Murhula alingoja injini ipoe akiwa amelala mtaroni, uso kwenye udongo, gari na magunia ya Mama Angèle vikiwa peke yake barabarani. Aliporudi Goma aliweka ufunguo mezani.

“Mama, mimi niko dereva wako,” alisema. “Lakini kule mutu hawezi kungoja motokari ipoe. Kama hawaitengeneze, sitapanda nayo tena.”

Mama Angèle hakumlaumu. Viazi vyote alivyouza vilitoka kule. Ndiyo maana leo alivaa kitenge chake cha sikukuu, akapanda mbele, akamwambia waende kwa Cirimwami kuchukua jibu la kiwanda kuhusu malalamiko yake.

Kwenye mzunguko polisi wa barabarani aliwasimamisha. Alizunguka gari, akachungulia chini ya turubai, akauliza kama ndilo lile linalokunywa kila siku.

“Inakunywa mayi tu, afande,” Mama Angèle alimjibu. “Haiombe bia.”

Polisi alicheka mpaka kofia ikamteleza. Hata hivyo hakuondoa mkono wake mlangoni mpaka Murhula alipompa noti ya sukari.

Kwa Cirimwami palikuwa na sherehe. Magari mapya yalipangwa kwenye majani yakiwa na riboni kwenye vioo, na wageni walikaa chini ya hema na soda zao: wafanyabiashara, watu wa mashirika, padri mmoja. Mlinzi akawaonyesha lango la nyuma, akisema la mbele ni la wateja.

“Siku nilikuja kulipa nilipita hapa,” Mama Angèle alisema, bila kupandisha sauti.

Mlinzi akafungua. Murhula akaingia, akasimama penye nafasi, nayo ilikuwa katikati ya lango na hema.

Cirimwami alikuja haraka, shati lake jeupe likimetameta. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka mzima alikuwa akipokea simu za watu waliokwama milimani, na wakubwa wake walikuwa mbali, hawajawahi kuiona Kibumba. Alianza kumweleza Murhula. Murhula akamtazama tajiri wake, na wakala akalazimika kugeuka na kuanza upya.

Kiwanda kilikuwa kimejibu, alisema. Gari halina kasoro. Garanti, ile ahadi ya kutengeneza bure, imeanguka, kwa sababu mteja alitia ndani ya radiatere maji ya kawaida, na si ile dawa ya kupozea inayouzwa na kampuni.

Mama Angèle alielewa mara moja maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka kinywani mwake mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano wa mwaka uliopita. Nyiragongo ilikuwa imekwisha kutapika, ardhi ikitetemeka usiku na mchana, na serikali ikatangaza watu wa mtaa wao watoke. Mama Angèle alipakia majirani na vikongwe na magodoro, akawapeleka Sake bila kumdai mtu. Pale Mugunga barabara ilijaa magari na watu wa miguu mpaka hapakuwa na pa kukanyaga, na mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Mjini mabomba yalikuwa yamekauka, na kila familia ilikuwa imebeba maji yake ya kunywa kama mtoto. Hakuna aliyeombwa. Nyiramahirwe, kikongwe aliyekuwa amekaa juu ya godoro lake, ndiye aliyepitisha bidoni yake ya kwanza. Kisha ikaja nyingine, na nyingine, na wengine waliokuwa wakipita kwa miguu wakamimina nusu ya chupa zao, wakaendelea. Gari lilifika Sake kwa maji ya vinywa vya watu.

Majirani waliporudi mjini, hakuna kitu Mama Angèle alichopenda kusimulia kuliko hicho. Alikisimulia sokoni na kanisani. Alikisimulia hata katika ofisi ya Cirimwami, akidhani mtu akijua gari lake liliokoa watu atalishughulikia kwa heshima. Cirimwami alisikiliza yote, akiitikia kwa kichwa, na kuandika.

Sasa wakala alishusha sauti. Kulikuwa na njia, alisema. Mama akubali kwa maandishi kwamba kosa ni lake, kampuni itamuuzia feni mpya kwa bei ya huruma.

“Kosa yangu ni gani?”

“Ile mayi, mama.”

Mama Angèle alitazama hema, halafu gari lake. Angeweza kutia sahihi. Ingekuwa mistari miwili tu, na Kibumba ingepandika. Alimwona Nyiramahirwe juu ya godoro, mikono yake miwili ikiinua bidoni.

“Ile mayi haikuwa kosa,” alisema. “Murhula, washa. Uache iwake.”

Kisha akaenda chini ya hema, akavuta kiti kimoja kitupu, akakaa kando ya padri. Mhudumu akamletea Fanta, naye akashukuru.

Jua la saa sita lilikuwa limesimama juu ya mabati. Injini ilinguruma kwa utulivu. Mwanzoni hakuna aliyejali. Kisha feni ikazima, na moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni mwa kapo, kifuniko cha injini, moshi mwembamba, halafu mnene, ukapanda mbele ya neno SIKUAZIMWA na kuelekea kwenye magari ya riboni. Mazungumzo yakapungua. Mfanyabiashara mmoja alisimama, akatazama kamioneti, akatazama lile jipya alilokuwa akilipapasa, akaona ni ndugu wa baba mmoja.

Cirimwami alikimbilia dirishani, akamwambia Murhula aondoe gari.

“Nikiiendesha hivi, chef, injini itakufa hapa hapa mulangoni,” Murhula alisema, naye akazima. “Ingojee ipoe.”

“Mpaka wakati gani?”

“Inategemea. Kama kuna kitu ya kunywa.”

Wakala aliwatazama wageni wake. Walingoja kitambo, yeye akifuta shingo kwa kitambaa, Murhula akiwa ameinua kapo. Mwishowe Cirimwami akamwita mlinzi, akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Mlinzi akaenda kwenye bustani, akarudi na ndoo ya kumwagilia maua, imejaa. Murhula akafungua kifuniko kwa kitambaa chake, na Cirimwami mwenyewe, ili mambo yaishe, akachukua ndoo akamimina.

Mama Angèle alikuwa amekwisha kusimama karibu yake, chupa ya Fanta mkononi.

“Ni dawa ya kampuni hiyo, chef?”

Maji yaliendelea kushuka, na chini ya hema hakuna aliyekunywa.

“Basi andika na hiyo,” alisema Mama Angèle. “Kama vile uliandika ile ya Mugunga.”

Akarudisha chupa kwa mhudumu, akapanda mbele. Walitoka kwa lango lile lile waliloingilia.

Murhula akashika njia ya nyumbani. Garanti ilikuwa imebaki imeanguka. Feni ilikuwa ile ile. Mama Angèle alimwambia kwamba Kalengera hawatapanda tena, wala dereva wala gari. Kuanzia kesho watabeba samaki kutoka Kituku, kando ya ziwa, njia ya tambarare. Faida itakuwa ndogo. Murhula akaitika. Halafu akakumbuka, akageuka nusu.

“Lakini mama, bidoni zetu mbili ziko nyuma. Zimejaa.”

“Nilijua,” alisema Mama Angèle, akinyoosha kitenge chake magotini. “Leo hizo tutapikia chai.”