Raba Iliyoshonwa kwa Uzi

Fundi Nyoosha alikuwa amechoka kabla hata hajaingia chini ya gari. Goti la kulia lilikuwa limevimba, kiuno kilikuwa na maneno yake, na macho siku hizi yalikuwa hayaoni nati vizuri mpaka vidole viyasaidie. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Jina hilo walimbandika mafundi wenzake zamani, kwa kuwa hakuwahi kukiona kitu kilichopinda akakiacha salama. Bampa, mlango, hata msumari wa kuokota barabarani, vyote alivinyoosha. Kuna siku aliuchukua upawa wa mkewe, uliokuwa umejikunja kwa uzee, akaubana kwenye jiliwa na kuugonga mpaka ukakatika vipande viwili. Mkewe alimnunia siku tatu, na haki yake.

Gari lenyewe lilikuwa la dada yake. Gari kuukuu, la enzi zile taa zilipokuwa duara na pedali zikichomoza kutoka sakafuni. Baba yao, fundi cherehani, alilinunua likiwa limeshatumiwa na watu wawili kabla yake, akamkabidhi binti yake funguo. Dada aliliendesha miaka ishirini na tano, kwenda na kurudi shule aliyokuwa akifundisha. Kisha baba akafariki, dada akastaafu, na gari likakaa bandani miaka tisa. Kutu ikala ule mhimili mmoja unaobeba pedali zote, zikashikana hata ukikanyaga klachi, breki nayo inashuka.

Kila mwaka dada alimkumbusha. Kila mwaka Nyoosha alijibu, "Mwezi ujao, dada," kwa sababu mtu anayeshinda chini ya magari ya watu hana hamu ya kulala chini ya gari la ndugu yake. Safari hii hakuweza kumpiga chenga tena. Watoto wa dada walikuwa wamekaa kikao na kuamua mama yao ahame. Amezeeka, anaishi peke yake, akitaka kwenda sokoni au hospitali ni kuomba lifti. Nyumba ipangishwe, gari liuzwe chuma chakavu. Dada aliwaomba jambo moja tu: Jumapili wakija, wakimkuta anaendesha gari lake mwenyewe, wamwache akae kwake. Walikubali, huku wakiangaliana.

"Mdogo wangu," alimwambia Nyoosha kwenye simu, "nimechoka kukaa viti vya nyuma vya watu. Nitengenezee pedali tu, injini yenyewe inawaka. Mengine niachie mwenyewe."

Gari likavutwa kwa kamba hadi gereji siku ya Jumatatu. Nyoosha alilala chali juu ya boksi lililofunguliwa, akaanza. Alifungua mbao za sakafu, akatoa springi, akachomoa pini moja baada ya nyingine, na mhimili ukagoma. Aliumwagia dizeli, akaungoja. Aliupasha moto, akaugonga, akaungoja tena. Jumanne nzima ilikwenda hivyo, kutu ikimdondokea machoni na yeye akitukana polepole, kama mtu anayesoma orodha. Jumatano mhimili ukatoka, na mkono wake wa kulia ukashindwa kushika kikombe cha chai. Bushi, zile pete ambamo mhimili huzungukia, zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka zimebaki nyembamba kama ganda la yai. Akazipeleka kwa mkerezaji wa mtaa wa pili amchongee mpya za shaba.

Alhamisi akageukia pedali zenyewe. Ya breki ilikuwa sawa. Ya klachi ilimfanya akae chini kwenye ndoo aitazame. Mkono wa pedali hiyo ulikuwa umepindwa kuelekea kwa dereva, pindo baya, la mtu asiyejua chuma, lenye alama za bomba alilolitumia kulivutia. Juu ya kikanyagio palikuwa na kipande cha ubao, na juu ya ubao raba, na raba hiyo haikuwa imegundishwa wala kupigiwa msumari. Ilikuwa imeshonwa. Imeshonwa kwa uzi mzito uliopakwa nta, mishono midogo iliyolingana, pembeni pote.

"Raba inashonwa kama suruali!" alisema peke yake, akacheka mpaka kiuno kikamkataza.

Angekuwa hajachoka, pengine mishono ile ingemwambia kitu. Alikuwa amechoka. Akachukua kisu, akakata uzi, akautupa ubao na raba yake ndani ya pipa la vyuma vibovu. Akawasha gesi, akaupasha mkono wa pedali mpaka ukawa mwekundu, na kwa nyundo na subira akaunyoosha ukawa mstari. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alijisikia fundi. Akampigia dada yake simu kujisifu.

"Dada, fundi gani aliyekuwa akikutengenezea hili gari? Alikulipulia kazi vibaya mno. Klachi yako imepinda kama ndizi! Lakini usijali, nimeinyoosha."

"Umeinyoosha," dada alisema.

"Kama mpya."

"Haya. Ahsante, mdogo wangu."

Jumamosi asubuhi dada alifika gereji kwa lifti ya jirani, kiti cha nyuma. Alivaa gauni refu, kama alivyovaa siku zote, akaja akichechemea hadi kwenye gari. Kuchechemea kwenyewe nyumbani kwao kulikuwa hakutajwi. Aliugua akiwa mdogo, mguu wa kushoto ukabaki mwembamba na mfupi, na mama yao akapiga marufuku habari hiyo isizungumzwe, mtoto wake asije akaonekana kilema. Nyoosha alipokuwa na miaka sita aliwahi kuuiga mwendo wa dada yake mbele ya wageni. Kofi alilopigwa na mama siku hiyo alilikumbuka hadi leo. Tangu hapo mguu ule kwake haukuwepo. Alitembea na dada yake polepole miaka yote bila kujiuliza kwa nini anatembea polepole.

Dada aliingia, akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi kwake. Nyoosha alisimama dirishani akijifuta mikono, akitabasamu.

"Kanyaga klachi uone ilivyo laini."

Dada alikanyaga. Alijivuta mbele, akajivuta tena, bega likashuka, kidevu kikagusa usukani. Pedali ilishuka nusu, ikakoma hapo. Si pedali iliyokoma, ni mguu.

"Hainifikii," alisema.

"Sogeza kiti mbele."

Alikisogeza. Usukani ukambana kifuani, goti la kulia likagota chini ya dashibodi, na mguu wa kushoto bado ukabaki unaelea. Akakirudisha kiti nyuma taratibu, akaweka mikono mapajani.

"Baba ndiye aliyeipinda," alisema, akitazama mbele kana kwamba barabara iko pale. "Aliipindia mguu wangu. Alinikalisha hapa siku nzima, na futi yake ya kushonea shingoni, akipima na kupinda, akipima na kupinda. Mama hakuambiwa."

Nyoosha aliikumbuka ile mishono. Midogo, iliyolingana, uzi wenye nta. Alikulia chini ya meza iliyotoa mishono ile. Sare zake zote za shule zilishonwa nayo.

"Dada, si nilikupigia simu? Si nilikwambia nimeinyoosha? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko goti la mdogo wake. "Ningeanzia wapi? Miaka sitini hujawahi kuniuliza hata kama mguu huu unaniuma."

Nyoosha aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima, isiyo na pa kuiweka. Kitu cha kwanza anachokifanya fundi yeyote akipewa kazi ya pedali ni kumkalisha mwenye gari kwenye kiti chake na kumtazama miguu. Aliwafanyia hivyo wateja asiowajua hata majina. Wiki nzima hakumwita dada yake aje akae.

Alikwenda kwenye pipa la vyuma vibovu, akalipindua chini, akapiga goti lile baya na kuchakura. Ubao aliupata karibu na kitako cha pipa, raba ikining'inia kwa mishono michache iliyonusurika kisu. Aliupangusa kwa shati.

Lakini ubao peke yake hautoshi. Mkono wa pedali ulitaka kupindwa upya, na si pale pale palipokwisha kupashwa moto, kwani chuma kile kikizidishwa kupindwa mahali pamoja kinapasuka, kama upawa. Ingebidi apinde juu zaidi, mara moja tu, kwa kipimo kamili. Mara moja tu, na Jumapili ni kesho. Alirudi dirishani na futi ya chuma mkononi. Mdomo ulikuwa mzito kama siku ile ya kofi.

"Dada," alisema. "Vua kiatu. Naomba mguu."

Dada alifungua mlango, akageuka, akavua kiatu, akapandisha gauni hadi gotini. Nyoosha akauona. Ulikuwa mguu tu, mwembamba, mkavu kidogo kwenye kisigino. Akaushika kwa mikono yake yenye grisi, akaunyoosha taratibu, akapima. Akapima na ule wa kulia.

"Tofauti ni sentimita sita na nusu," alisema kwa sauti.

"Baba alisema sita."

"Umezeeka, dada. Umepungua."

"Basi andika sita na nusu," dada alisema, na kicheko kikamtoka puani.

Alipinda saa sita mchana, mara moja, na chuma kikakubali. Raba aliishona mwenyewe kwa sindano ya viatu, mishono mikubwa iliyokwenda kombo, na safari hii hakuinyoosha. Kufika alasiri alikuwa chali tena juu ya boksi lake, mbao za sakafu bado hazijarudishwa, akikaza pini ya mwisho. Juu yake, kwenye uwazi wa sakafu, mguu wa dada yake ulikuwa peku juu ya raba.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

Nyoosha aliona mwenyewe. Pedali ilishuka yote, ikarudi, ikashuka tena. Alitakiwa atoke sasa, lakini alibaki amelala palepale, akipangusa macho kwa kiganja kichafu na kuyachafua zaidi.

"Uko wapi wewe?" dada aliita kutoka juu. "Toka huko, halafu uwapigie wapwa zako simu. Waambie kesho wakija wasisimame karibu na lango, ninatoka na gari."